Kabla hujachagua, chomoa waya wa umeme

Kaka mmoja wa Mbale ameniandikia. Ana kompyuta za maabara ya shule ambazo usiku zinakaa bure, na anataka zimchambulie picha za satelaiti. Anauliza: "Nianze na Kubernetes?" Yaani ile programu ya kuendesha huduma kwenye mashine nyingi kwa pamoja.

Swali lake limenigusa pabaya. Ofisi moja hapa Kampala niliyoifanyia kazi, nilipendekeza Slurm, programu ya kupanga foleni ya kazi kwenye kompyuta nyingi, nikachekwa mbele ya kikao. Mshauri aliyeletwa alisema hayo ni mambo ya kizee, yameanza tangu 2002 kule Lawrence Livermore, Marekani. Wakamfuata yeye, mimi nikaachiwa mashine kuukuu zilizokuwa stoo. Sitaki kusema mengi, ila ripoti za mwaka ule zilitoka stoo.

Kubernetes si mbaya jamani. Google waliitoa 2014, na kwa huduma inayotakiwa kuwa hewani saa zote inafaa sana. Lakini kazi inayoanza jioni, ikala memori usiku kucha, kisha ikaisha, inahitaji foleni. Slurm ni foleni. Andika amri ya squeue, kazi inayosubiri utaiona na PD, na pembeni sababu yake: Resources, mashine zimejaa, Priority, kuna waliokutangulia. Asubuhi amri ya sacct inakwambia iliyokufa imekufaje. OUT_OF_MEMORY, uliomba memori kidogo. NODE_FAIL, mashine yenyewe iliondoka, na kwetu huku mara nyingi maana yake ni umeme.

Ila wewe wa Mbale, wanafunzi wanakalia mashine hizo mchana, kwa hiyo anza na HTCondor, inayogawa kazi kwa mashine zilizokaa bure. Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kiliianzisha miaka ya 1980 kwa shida kama yako: mtu akigusa kibodi, inaweza kupangwa impishe. Kazi ikigoma kuanza, condor_q -better-analyze inakueleza kwa nini.

Vijana, acheni kuchagua programu kwa sababu mmeiona kwenye matangazo ya kazi! Chagueni inayosema kwa nini kazi imekwama. Nasema tena: inayosema kwa nini. Kwa ufuatiliaji, Prometheus inatosha, maana huzifuata mashine yenyewe kuchukua vipimo. Isiyojibu unaijua mara moja. Grafana, ya kuchora grafu za vipimo hivyo, iwekeni baadaye. Nimeona watu wanahangaika na rangi za grafu huku diski imejaa.

Na kabla ya kuamua, chomoa waya wa mashine moja katikati ya kazi uone itakuwaje. Slurm ikipangwa vizuri hurudisha kazi kwenye foleni. Kisha chomeka, uitazame ikirudi. Kompyuta kuukuu ambayo betri ya ubao wake imekufa huamka na tarehe ya miaka iliyopita, na munge, mlinzi wa mlango wa Slurm, huikataa kwa kuwa saa hazilingani. Weka chrony ilinganishe saa za mashine zote, halafu nunua betri za CR2032 za kutosha mashine zote, na mbili za akiba.