Re: Druidi akigeuka dubu, hasira ya barbariani inabaki?

Mambo mkuu, kama nimekusoma vizuri, kwenye mchezo wa Dungeons & Dragons (D&D) una mhusika druidi (mchawi wa porini) uliyemchanganya na klasi, yaani aina ya mhusika, ya barbariani, mpiganaji mwenye nguvu ya hasira, na akigeuka dubu DM wako, yaani mwongoza mchezo, anasema hasira inakufa. Angalia kwanza amegeukaje. Kama ni kile kipaji chake cha kudruidi, kwa sheria za D&D za 2014 vipaji vya klasi vinabaki ilimradi mwili mpya unaviweza, kwa hiyo dubu anapandisha hasira freshi tu, anapata ule +2 wa madhara kwenye kung'ata na kwenye makucha, na mapigo ya kawaida yanamuumiza nusu tu. Ila kama kageuzwa kwa spelli (uchawi) ya polimofu hapo DM yuko sahihi, takwimu zote zinakuwa za mnyama, hata akili, klasi inakaa pembeni.

Sisi huku Dodoma kwenye meza yetu kinachowachanganya watu ni hiki: druidi wa mwezi (tawi la druidi linalobobea kugeuka) anageuka kwa bonasi aksheni, yaani kitendo cha ziada ambacho ni kimoja tu kwa zamu, na hasira nayo ni bonasi aksheni, haviingii kwenye zamu moja, we geuka kwanza hasira zamu inayofuata. Na ukishakasirika spelli uliyokuwa umeishikilia kwa umakini inakatika palepale, usije ukalia.

Halafu ule ulinzi wa barbariani bila deraya, piga hesabu upya kwa namba za dubu wa kahawia, 10 jumlisha 0 ya wepesi na 3 ya ustahimilivu, unapata 13 badala ya 11 yake. Mnatumia kitabu cha 2014 au 2024? Maana cha 2024 uhai (HP) wa kwenye umbo la mnyama hauhesabiwi kama kwenye cha 2014.