Mwenye hofu ndiye nahodha: tulivyoikimbia baridi ya Uyole kwa tanga

Mwezi wa sita Uyole, hapa Mbeya, haina mchezo. Unaamka ukungu umelalia mashamba ya viazi, maji ya bomba yanauma vidole, na magoti ya mtu wa miaka 66 hayakubali kunyooka mpaka jiko la mkaa liwake. Watoto walituambia tununue hita. Mimi na mke wangu, Mama Neema, tukamega kiinua mgongo changu, tukanunua mashua ya kukimbilia joto la Ziwa Nyasa.

Si kubwa. Futi 22, ya mbao, mlingoti mmoja, tanga la pembetatu, na mashine ndogo ya kusukumia pale upepo unapolala. Nilifundisha Kilwa miaka tisa, na huko ndiko nilikojifunza kutweka tanga na kubisha, yaani kwenda kwa kupinda huku na huku dhidi ya upepo. Mama Neema ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Rungwe. Kabla ya hapo chombo chake kikubwa cha majini kilikuwa beseni. Wastaafu wenzetu wanatuuliza habari za safari ile, na karibu wote wanaanza na bei ya mashua. Bei mtaelewana na muuzaji. Mnachotakiwa kuelewana nyie wawili, tena mkiwa bado sebuleni, ni nani atakayesema "turudi" na akasikilizwa.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka Uyole, ambako uko juu ya mita 1,700, unashuka kwa gari kupitia Tukuyu. Ukikaribia Ipinda sweta limeshavuliwa. Matema unakutana na Ziwa Nyasa, mita zipatazo 475 tu kutoka usawa wa bahari, na joto unalolitafuta liko pale linakungoja. Kuanzia hapo unafuata ufuo kwenda kusini: Ikombe, Lumbila, Lupingu, Manda, Liuli, mpaka Mbamba Bay. Ni zaidi ya kilomita 200.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi nililijua na bado nikalipuuza. Miezi ileile ya kipupwe inayokufukuza nyumbani ndiyo miezi ya mwera, upepo unaotoka kusini. Maana yake unaenda kukutana nao uso kwa uso. Na upande wa kushoto, kutoka Matema hadi karibu na Lupingu, Milima ya Livingstone imeingia ziwani kama ukuta. Hakuna kusema nitaegesha popote. Vifuo vya kutua ni vichache, na kati ya kimoja na kingine ni mawe matupu.

Kwa hiyo utaratibu wetu ulikuwa kuamka saa kumi usiku, kung'oa nanga saa kumi na moja, na kuwa nchi kavu kabla ya saa nne asubuhi. Alfajiri mara nyingi ziwa huwa shwari. Tulipanga siku nane. Zikawa 23.

Mbele ya Lumbila ndipo nilipopata akili. Nilikuwa nimemwahidi mdogo wangu wa Manda kwamba Jumapili tutakuwepo kwenye kipaimara cha mwanawe, na siku zilikuwa zinanibana. Saa nne kasorobo tukapita mbele ya kifuo cha changarawe chenye vibanda vitatu. Mama Neema akasema, "Baba Neema, tuingie hapa." Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya darasani kwamba bado kuna saa nzima ya usalama. Akanyamaza. Ningemsikia akigomba ningepunguza, lakini ule ukimya nikauchukua kuwa amekubali.

Haikupita nusu saa tukaona mstari mweusi juu ya maji, unakuja. Mawimbi ya ziwa si kama ya Kilwa. Bahari inakuinua, inakushusha, inakupa nafasi ya kupumua. Haya ni mafupi, yamesimama, yanafuatana kama ngazi. Nikataka kutua tanga, henza, ile kamba ya kupandishia tanga, ikakwama kwenye kapi, gurudumu lake la juu ya mlingoti. Nikawa nimening'inia mlingotini kwa mkono mmoja, Mama Neema anachota maji ya mashuani na kuyamwaga nje kwa sufuria ya ugali, na chupa ya chai inaelea katikati yetu. Hatimaye kamba ikaachia, tukawasha mashine, tukarudi kwenye kifuo kilekile nilichokikataa. Tulikaa siku nne kwa wenye vibanda, tukila usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, na ugali wa muhogo. Mtoto alipata kipaimara bila baba yake mkubwa, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Usiahidi mtu tarehe.

Usiku wa kwanza pale, nguo zikiwa juu ya kamba, tukaweka sheria: anayeogopa ndiye anayeamua. Haulizwi sababu, na baadaye hachekwi. Tuliitumia mara nyingi. Mara tatu aliamuru tutue, ziwa likabaki shwari mpaka jioni, nami nikanuna. Kununa ruksa. Kubisha ni kwa tanga, si kwa mke. Na inakata pande zote: Manda, karibu na mdomo wa mto Ruhuhu, yeye ndiye aliyetaka kufua nguo ukingoni na mimi ndiye niliyekataa, kwa ajili ya mamba.

Vifaa sitavimaliza. Jaketi okozi livaliwe, lisiwe mto wa kulalia. Mashua iwe na usajili. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa una habari za upepo na mawimbi ya Ziwa Nyasa. Uusome kila simu inapopata mtandao, halafu umuulize na mvuvi. Dawa za presha ziingie kwenye kidumu cha mdomo mpana chenye kifuniko cha kuzungusha, kwa sababu zetu siku ile zilikuwa kwenye mfuko wa rambo na ziligeuka uji.

Mama Neema anasisitiza niandike hili: watu wa nyanda za juu tunashuka ziwani na miili isiyozoea malaria. Chandarua hata ukilala ndani ya mashua, na homa ya siku moja tu uende zahanati ukapime. Usisimame kwenye maji yaliyotulia yenye matete, kuna kichocho.

Liuli mkae hata juma zima. Bandari imejificha vizuri, na mbele yake kuna jiwe la Pomonda. Wajerumani waliliona kama sphinx, ile sanamu ya Misri yenye kichwa cha mtu na mwili wa simba, wakapaita Sphinxhafen, na Agosti 1914 meli yao ilishambuliwa na Waingereza hapohapo. Mimi niliangalia jiwe lile asubuhi tano sikuona sphinx. Niliona kuku aliyeatamia.

Kurudi kaskazini mwera unakuwa mgongoni, na hapo ndipo unapodanganyika, maana mashua inakimbia na wewe unajiona fundi. Tulipunguza tanga tukarudi kwa siku tisa. Ikombe tukanunua chungu cha Wakisi, kikubwa, cha maharage. Mama Neema akakipakata katikati ya miguu. Tukiwa tunaiona Matema kabisa, wimbi moja likapanda kidogo, akasema, "Tua tanga." Nikatua. Sikuuliza anatuogopea sisi au chungu.