Maswali na majibu: Nani alimweleza Mfaransa gorogoro ni nini?

Mhadhiri anataka hati ya mahitaji, yaani orodha ya yale programu inapaswa kufanya, ya Linux, ile programu huria inayoendesha kompyuta. Naipata wapi? (Mwanafunzi, Maseno)
Hupati. Anayetaka kitu kwenye kiini cha Linux hutuma msimbo wenyewe (maandishi yanayounda programu) kwa barua pepe, na sababu yake. Wasimamizi wanaukosoa, anaurekebisha, anatuma tena. Mahitaji yamo ndani ya mabishano hayo; mhadhiri ayasome.

Programu huria ni za bure, sivyo? (Njoro)
Swali hili ni la nne mwezi huu. Huria ni ruhusa ya kuusoma msimbo, kuubadilisha na kuusambaza. Bei ni habari nyingine.

Programu yangu huria ya stoo inajua kilo tu. Nimewaandikia mara mbili waweke gorogoro, kimya. Wanatudharau? (Muuza omena, Kibuye)
Mama, nakala uliyonitumia inasema "Ongezeni gorogoro haraka!!!" na basi. Tuseme anayeisoma yuko Ufaransa, anajitolea usiku baada ya kazi yake. Atajuaje kama gorogoro ni samaki au ugonjwa? Wewe unajua ni mkebe wa kilo mbili za mahindi, ukiujaza omena mizani haisemi mbili, na mteja hakubali mkebe usio na kilele. Andika hayo. Sema unanunua kwa gunia, unauza kwa mkebe, na jioni hesabu ya stoo inagombana na pesa iliyo kwenye simu. Kisha omba muuzaji aweze kujiwekea kipimo chake. Hapo hata muuza viazi wa debe kule Nakuru ana sababu ya kukuunga mkono. Na kwanza tafuta kama ombi hilo lipo tayari. Marudio ndiyo yanayowachosha wasimamizi.

Kuna mradi uliowahi kusikiliza watu wa huku? (Kakamega)
OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa. Ulianza 2004, na kliniki za Eldoret zikaanza kuutumia 2006. Vipimo na maswali ya daktari havikupigiliwa misumari ndani ya msimbo. Vimo kwenye kamusi ya dhana, ambayo kliniki huiongezea bila kumtafuta programa. Gorogoro ileile, Mama wa Kibuye. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa wa Kenya, imejengwa juu yake.

Kijana aliyeturekebishia programu huria ya chama amehamia Nairobi. Tufanyeje? (Nakuru)
Mpigieni kabla hajabadilisha namba. Muulizeni kama mabadiliko yake aliyatuma kwa mradi mkuu. Kama yako kwenye laptopu yake tu, toleo jipya likija mtachagua: kulikosa, au kupoteza yote mliyomlipa afanye.