Ukisikia "Do you mind", Usikimbilie "Yes"

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayefanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya kitalii. "Mwalimu, shikamoo," ameanza, kisha akamwaga yaliyomkuta. Mgeni alisimama mbele yake na begi kubwa, akamuuliza: "Do you mind if I leave this here?" Dada wa watu, kwa moyo mweupe na tabasamu, akajibu: "Yes, yes!" Mgeni akalinyanyua begi lake, uso umemshuka, akaondoka nalo. Dada anasema ana daftari la maneno 1,200 ya Kiingereza aliyoyakariri, "mind" likiwemo, na mpaka leo haelewi alikosea wapi.

"Do you mind if I leave this here?" ni sawa na kuuliza: "Itakukera nikiliacha hapa?" Ukijibu "Yes", umemwambia ndiyo, itanikera, liondoe. Anayeruhusu husema "Not at all, go ahead" au "No, that's fine". Maana ya neno aliijua. Asichokuwa nacho ni swali zima pamoja na jibu lake, na hilo daftari la neno na tafsiri yake haliwezi kumpa hata akilijaza mara tatu.

Inaniuma kuona vijana wanavyojitesa na orodha. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno yapata 2,000 yanayotumika sana katika Kiingereza. Ukiipitia orodha ya namna hiyo hukutani na maajabu: get, take, have, make, put. Aliyemaliza kidato cha nne anayajua karibu yote. Kinachomshinda ni maneno hayo yakishashikana na mengine. Basi au treni, unapanda ni "get on", unashuka ni "get off". Gari dogo au teksi, unaingia ni "get in", unatoka ni "get out". Kurudi ulikotoka ni "get back", kujiandaa ni "get ready". Neno ni lile lile na kamusi haitakusaidia kuchagua. Litakalokusaidia ni kuwa umeshalisema "I'm getting off here" mara nyingi kiasi kwamba linatoka lenyewe konda akikuuliza.

Halafu kuna Kiswahili chetu chenyewe, ambacho hukuvuta shati bila wewe kujua. Chukua kupiga. Sisi tunapiga simu, picha, mswaki, pasi, deki, hodi na kura. Kwa Kiingereza kila kimoja kina kitenzi chake: make a call, take a picture, brush your teeth, iron a shirt, mop the floor, knock, vote. Ukitafuta kitenzi kimoja cha kufunika vyote utasema "beat the phone", na msikilizaji atajua kabisa kuwa umebeba Kiswahili mgongoni. Kusikia nako ni hivyo hivyo. Tunasikia harufu, njaa na baridi, ilhali Mwingereza huinusa harufu kwa "smell", na juu ya njaa na baridi husema tu "I'm hungry", "I'm cold". Kuazima kwetu huenda kote kuwili. Kwao anayepokea ni "borrow" na anayetoa ni "lend". Kwa hiyo "borrow me your pen" haipo. Sema "Can I borrow your pen?" au "Can you lend me your pen?", na uandike zote mbili kwenye kadi moja ili zisigombane kichwani.

Kubaya kuliko kote ni ndiyo na hapana. Mtu akikuuliza "Hujala?" nawe huna kitu tumboni, unajibu "Ndiyo, sijala", yaani ni kweli usemavyo. Kwa Kiingereza, "Haven't you eaten?" hujibiwa "No, I haven't" kama hujala na "Yes, I have" kama umekula, bila kujali swali lilikuja vipi. Dawa yake ni kutoacha "yes" au "no" ikiwa peke yake. Ibebeshe mkia kila mara: I have, I haven't, I do, I don't. Hata ukiteleza mwanzo wa jibu, mkia utakuokoa.

Adabu nayo huhama. Kwetu "naomba maji" imeshatosha, heshima imo ndani ya kitenzi, ndiyo maana "tafadhali" hatuitumii kwa wingi. Ukiitafsiri kwa kifupi hivyo, unabaki na "Give me water", na unaonekana umefoka. Zoea "Could I have some water, please?" kama kitu kimoja kisichokatika. "Pole" ya msiba au ya mguu uliojikwaa tunaigeuza "sorry", na kuna wageni watakaokujibu kwamba si kosa lako. Wao wamedhani unaomba radhi. Mwenye msiba mwambie "I'm so sorry for your loss", aliyejikwaa muulize "Are you all right?"

Jihadhari pia na maneno tuliyoyakopa kisha tukayapa kazi nyingine. Trafiki wetu ni askari wa barabarani. "Traffic" ni magari yenyewe. Laini ya simu ni "SIM card". Gesti ni "guest house", maana "guest" ni mgeni mwenyewe. Chipsi ukiziagiza Uingereza kwa jina la "chips" utaletewa viazi vya moto, ukiziagiza Marekani utapewa pakiti ya vile vikavu vyembamba. Huko sema "fries". Na saa zetu zina tofauti ya sita: saa mbili asubuhi ni "eight in the morning". Usiku wa kuamkia Jumamosi ni "Friday night", na hapo watu wamekosa usafiri.

Sasa kazi yenyewe. Nunua karatasi ya manila ya saizi ya A4, ikunje katikati mara nne, ikate kwenye mikunjo. Utapata kadi 16 za kama sentimita 5 kwa 7. Upande mmoja andika hali kwa Kiswahili, kwa mfano "mteja anataka kulipa na huna chenji". Usiandike neno. Upande wa pili andika sentensi nzima: "Sorry, I don't have change. Do you have anything smaller?" Kadi tano kwa siku, siku sita kwa wiki, basi. Wanaoanza na 30 kwa siku huwa hawafiki wiki ya pili, kwa sababu marudio yanalimbikizana mpaka yanawatisha.

Tafuta vikasha vitatu. Cha kwanza unakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Kadi uliyoipata bila kusita inapanda kikasha kinachofuata. Uliyokosea inarudi cha kwanza, hata kama ilishafika cha tatu. Sebastian Leitner ndiye aliyeueneza mtindo huu wa vikasha mwaka 1972. Tamka kwa sauti kabla hujageuza kadi. Anayegeuza kwanza kisha akasema "aah, hii naijua" anajidanganya, kwa maana kutambua si kukumbuka.

Na matamshi msiyaache mwishoni. Irabu yetu "i" ni moja, yao ni mbili, fupi na ndefu. "Ship" ni meli, "sheep" ni kondoo. Kwa anayetandika vyumba, "sheet", yaani shuka, lazima uivute. Ukiifupisha inakuwa tusi mbele ya mgeni. Kwenye "receipt" herufi ya p haisikiki. "Do you want to" kwa mzungumzaji wa kasi husikika kama "d'yu wona", kwa hiyo sikiliza sekunde 30 za redio mara tatu, andika ulichosikia, kisha linganisha na maandishi ya kipindi kama yapo.

Kwa dada yangu wa mapokezi: kadi yako ya kwanza upande mmoja iandike "mgeni anaomba kuacha begi, nami sina neno". Upande wa pili: "Not at all, go ahead. I'll keep an eye on it." Iseme mara tano kabla ya zamu ya kesho.