Amenitukana au amenikashifu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri barua ya malalamiko kutoka Kiingereza. Ndani yake mna insult, slander, libel na defamation, nami zote nimezitia kapu moja: matusi. Mwenzangu ameisoma akasema popote penye matusi niweke kashfa. Nani kati yetu amepatia?

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyepatia, ila mwenzako amekaribia zaidi. Nakusihi barua hiyo usiitume kabla hujaipitia upya, kwa sababu nimewahi kuona kosa hilohilo likimtesa mtu.

Niliwahi kuletewa tafsiri niikague ilhali ilikuwa imeshatumwa. Mlalamikaji alikuwa ameandikwa katika makala fulani kwamba amekula fedha za chama chake. Mwanasheria wake, kwa Kiingereza, alilalamikia libel, yaani kashfa iliyoandikwa. Mfasiri akaandika: "Makala hayo yalimtukana mteja wangu." Majibu yakarudi kwa mistari miwili: tumeyasoma makala yetu mwanzo hadi mwisho, tusi hatukuliona, tuonyesheni lilipo. Na kweli halikuwemo. Makala yaliandikwa kwa adabu tupu, kila penye jina lake pametanguliwa na "ndugu". Kilichokuwemo ni uwongo. Wiki kadhaa zikaishia kwenye ubishi juu ya tusi ambalo hakuna aliyelitamka.

Basi tuanzie hapo. Tusi humchoma anayetukanwa mwenyewe. Kashfa humharibia jina mbele ya wengine. Tukiwa wawili chumbani, mlango umefungwa, ukaniita mbwa, umenitukana. Hujanikashifu, maana hakuna wa tatu aliyesikia, na heshima yangu huko nje iko palepale. Sheria ya Uingereza nayo inashika mpaka huohuo: pasipo maneno kumfikia mtu mwingine asiyekuwa mlengwa, hakuna defamation, yaani kashfa. Kwa upande wa pili, ukisema kwa sauti ya upole kabisa kwamba fulani alionekana usiku akitoka ghalani na ufunguo mkononi, hujatoa hata neno moja chafu, lakini jina lake umelimaliza.

Tena si kila insult ni tusi. Tusi la Kiswahili ni neno, na mara nyingi ni neno zito la kuaibisha. Insult ya Kiingereza yaweza kuwa kitendo: mtu hakuitikia salamu, au alikupa mgongo ukiwa unazungumza. Hapo sema "amenidharau" au "amenivunjia heshima". Ukikuta Kiingereza kinasema malipo fulani ni insult, andika kwamba ni malipo ya dharau. Najua siku hizi wapo wasemao "hili ni tusi kwetu", na wanaeleweka. Lakini kwa sikio langu dharau inauma zaidi.

Sasa tuje kwenye kashfa, neno ninalolipenda kuliko yote uliyoyauliza. Asili yake ni Kiarabu, kashafa, yaani kufunua. Ukilitazama vizuri, katika mzizi wake hamna uwongo hata kidogo. Kumkashifu mtu ni kumfunulia aliyoyasitiri, kama anayeondoa kawa juu ya sahani mbele ya wageni. Ndiyo maana tunasema "kashfa ya rushwa" kuhusu jambo ambalo huenda ni la kweli tupu, lina risiti na mashahidi. Kisha mahakamani neno lilelile hubeba mzigo mwingine: "shauri la kashfa" ni la mtu anayedai amesemwa vibaya isivyo kweli.

Usidhani huu ni upungufu wa Kiswahili. Kiingereza chenyewe kilianzia hapohapo. Slander na scandal ni ndugu wa tumbo moja, wote watoto wa neno la Kilatini scandalum, lililotoka kwa Wagiriki likiwa na maana ya mtego au kikwazo. Wao waliwatenganisha hao pacha, slander akapewa uwongo, scandal akapewa aibu iliyofichuka. Sisi tumewaacha nyumba moja. Si kosa, ila linamwongezea mfasiri kazi. Katika sheria ya Uingereza, anayethibitisha kwamba aliyoyasema ni kweli hawajibiki kwa defamation. Kwa hiyo kama barua yako inasisitiza kwamba yaliyosemwa ni ya kubuni, usiiache kashfa peke yake. Itilie nguvu: "amemkashifu kwa kumzulia wizi".

Angalia kitenzi hicho: kumzulia, si kumzua. Jambo ndilo huzuliwa. Mtu unamzulia jambo, kitenzi kikibeba kiambishi cha kutendea. Vivyo hivyo, "amelichafua jina langu" au "amenichafulia jina", lakini "amenichafua jina" ni sentensi inayochechemea. Na kusingizia huhitaji kutaja kosa lenyewe: amemsingizia wizi, amemsingizia kwamba alighushi saini.

Kusengenya nalo watu hulichanganya na kusingizia. Sengenyo hufanyika mwenyewe akiwa hayupo, na laweza kuwa la kweli tupu. Kusingizia hakuhitaji mgongo wa mtu, kunahitaji uwongo tu.

Imebaki libel na slander, na hapa Kiswahili hakina neno mojamoja lililozoeleka. Libel ni mtoto wa Kilatini libellus, kijitabu, kwa hiyo wengi husema "kashfa ya maandishi", na slander wakaiita "kashfa ya mdomo". Kwa barua ya kawaida yatosha. Kwa hati ya sheria nakutahadharisha, kwa kuwa mpaka wa wanasheria wa Uingereza si kalamu na ulimi, bali ni kinachodumu na kinachopita. Mwaka 1894 mahakama ya London ilisikiliza shauri la mtu aliyewekewa sanamu ya nta katika jumba la maonyesho la Madame Tussauds. Alikuwa ameshtakiwa Uskoti kwa mauaji na hatia yake haikuthibitishwa, lakini sanamu yake iliwekwa na bunduki karibu na chumba cha wauaji. Hakuna aliyeandika kwamba aliua. Hata hivyo mahakama ilikubali kwamba sanamu yaweza kuwa libel. Maneno ya redioni nayo, ingawa hutoka mdomoni, sheria hiyo huyahesabu kuwa libel. Katika hati kama hiyo ningeandika "kashfa ya maandishi au ya namna nyingine ya kudumu", hata kama sentensi itarefuka. Na barua ikiwa imetoka Uskoti, jipunguzie kazi: sheria ya huko haitofautishi hizo mbili, neno kashfa litatosha.

Barua yako, basi, ningeipanga hivi. Defamation iwe kashfa, na kitenzi chake kukashifu au kuchafulia jina. Libel na slander zitenganishe pale tu barua yenyewe inapozitenganisha. Insult itazame mstari kwa mstari: kama kuna neno lililotamkwa, andika "alimtukana", kama ni kitendo, "alimdharau". Na iwapo aliyetukanwa ni mzazi wa mlalamikaji, kitenzi kiko tayari, tena Kiingereza hakina kifupi kama hicho: "alimtukania mama yake".