Hema jipya, blanketi nne, na mtoto bado anatetemeka

SWALI: Kaka, habari za mlimani. Sisi tunakaa Dar. Mwezi wa saba tulipiga kambi Lushoto na watoto wetu, mmoja ana miaka 6, mwingine 3. Hema jipya, chini godoro la kujaza upepo, juu blanketi nne. Saa nane usiku mdogo akaanza kutetemeka, tukamalizia usiku ndani ya gari tumempakata. Asubuhi hema limelowa kwa ndani, na mvua haikunyesha. Mume wangu anasema tuliuziwa hema bovu, na safari ijayo tuwashe jiko la mkaa humo ndani kidogo kabla ya kulala. Desemba tunataka kuwapeleka Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu kule Kilimanjaro, tulale usiku mmoja. Tuende? – Mama wa Wawili

JIBU: Nzuri, dada. Naanza na jiko. Msiingize mkaa ndani ya hema, hata kwa dakika tano, hata kama zipu iko wazi na makaa yanakaribia kuwa majivu. Mkaa unaofukuta hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, kisha husinzia, na kwenye hema la watu waliotembea kutwa nzima nani atashangaa mtu kusinzia? Jiko la gesi nalo lina hatari hiyohiyo. Pikieni nje, lizimieni nje, na lilale hukohuko nje.

Sasa baridi. Mwambie shemeji hema halina kosa. Kosa ni godoro. Hewa iliyo ndani ya godoro la upepo haitulii. Inachukua joto la mgongo wa mtoto, inalipeleka chini ardhini, inarudi juu ikiwa imepoa, na mchezo huo unaendelea mpaka alfajiri. Mlikuwa mmemlaza juu ya kipoza joto, halafu mkamfunika vizuri. Zile blanketi nne, mbili zilitakiwa ziwe chini yake. Mimi watoto nawalaza hivi: turubai ardhini, hema juu yake, ndani jamvi au mkeka, kisha sponji ngumu ya inchi mbili, kisha blanketi iliyokunjwa mara mbili. Sponji ina vijitundu vinavyoifunga hewa isitembee, ndiyo maana kipande cha bei rahisi kinalishinda godoro la upepo la bei mbaya. Kama godoro mnalipenda, litumieni, ila sponji au blanketi nzito ikae juu yake.

Na Lushoto si Dar. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu hivi. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400, kwa hiyo mlipunguza nyuzi 9 kabla hamjasimamisha hema. Mtoto mdogo, ukilinganisha ngozi yake na uzito wake, ana ngozi nyingi kuliko wewe, na joto linamtoka upesi. Kabla ya kulala mvueni kila alichochezea mchana, mpaka chupi na soksi. Pamba iliyolowa jasho hukaa na ubaridi mwilini. Mvalisheni nguo kavu, sweta la sufu na kofia. (Sufu nzuri za watoto nazipata mitumbani, soko la Memorial hapa Moshi, wanaonicheka waje wakae na mimi kambini.) Akojoe, ale kitu, ndipo aingie kulala.

Ule unyevu ni pumzi zenu. Watu wanne wanapumua usiku kucha, mvuke unagusa kitambaa kilichopoa na kugeuka maji, kama vioo vya daladala siku ya mvua. Nadhani mlifunga kila tundu ili joto lisitoke. Acheni matundu ya juu wazi, na vuteni kamba za kifuniko cha nje kisigusane na hema la ndani. Hema kavu lenye upepo kidogo lina joto kuliko lililofungwa likalowa.

Mandara sasa. Njia ya Marangu watu hulala kwenye vibanda vya mbao, kwa hiyo hema halitawahusu. Mandara iko kama mita 2,700, na toka getini ni kilomita 8 hivi za msituni. Desemba msitu huo mara nyingi una mvua, na mizizi ya njiani inateleza.

Mkubwa aende, mradi mlale kwanza usiku mmoja Marangu au Moshi. Mdogo mimi nisingemlaza kule. Kuanzia kama mita 2,500 mwili unaweza kuugua kwa kimo cha mlima, na mtoto wa miaka 3 hawezi kukwambia kichwa kinamuuma. Utaona tu analia bila sababu, anakataa kula, hataki kucheza, pengine anatapika. Je, ni deka, ni uchovu, au ni mlima? Mzazi hajui, nami kiongozi sijui. Tukiwa juu naihesabu ni mlima na tunashuka, hata kama ni usiku, na kushuka gizani ukiwa na mtoto mgongoni si jambo la kulipangia.

Halafu kuna hili la mgongoni lenyewe. Anayembeba anatoka jasho, anaona kuna joto. Aliyebebwa hatembei, miguu inaning'inia, anaganda. Kila nusu saa pitisheni mkono shingoni na tumboni kwake. Vidole visiwadanganye, hupoa hata kwa mtoto mzima.

Kwa hiyo gawaneni. Baba na mkubwa walale Mandara, asubuhi wapande kidogo hadi kreta ya Maundi, shimo la volkano ya zamani lililo karibu. Wewe na mdogo ingieni nao getini, mtembee kadiri miguu yake inavyotaka, mle chakula cha mchana msituni mkiangalia mbega, na saa nane mchana muwe mmeshageuka kurudi.