Sikujua, sina habari au nilighafilika?

Unauliza umwandikie nini bosi baada ya kukosa kikao: "sikujua", "sina habari" au "nilighafilika". Inategemea kama taarifa ilikufikia. Haikukufikia? Andika "sikuwa na taarifa", inatosha. Ilikufikia ila akili ikahama? Hapo ni "nilighafilika", au kwa lugha ya kila siku, "nilipitiwa". Ukiandika "sikujua" utakuwa unadanganya.

La kuchunga zaidi ni "hana habari". "Amina hana habari kuwa anatafutwa" ni kutojua tu. Lakini "tunamwita, wala hana habari" ni kupuuza, na hiyo "wala" ndiyo inayouma. "Mjinga" kwa maana ya mtu asiyejua jambo, kamusi inaikubali, ila ukimwita mtu hivyo mtagombana.